Usimuue mbwa kwa karatasi ya damu

Karatasi ilikuwa ndefu kama risiti ya dukani, na katikati yake palikuwa na mstari mmoja wenye mshale unaoelekea juu: ALP, kimeng'enya kinachopimwa kwenye damu ili kuangalia ini. Namba iliyoandikwa pale ilizidi mara kumi ya kiwango cha kawaida. Daktari kijana aliyekuwa zamu aliisoma, akamtazama mbwa wangu Chui aliyelala kwenye meza ya chuma huku tumbo limemtuna, kisha akaniambia kwa upole, "Mzee, ini limekwisha hili. Ni saratani. Kwa umri wake, heri tumpumzishe leo."

Chui alikuwa na miaka kumi. Amelinda geti letu hapa Jinja tangu mwanangu wa mwisho yuko darasa la pili. Nilikaribia kusema ndiyo, na sindano ilikuwa karibu. Sijui hata ni kitu gani kilinifanya niombe siku mbili.

Jioni ile nilimpelekea karatasi jirani yangu, mzee aliyetibu mifugo miaka mingi kabla ya kustaafu. Hakuanza na namba. Aliniuliza, "Miezi hii mbwa wako anakula dawa gani?" Nikamwambia kwamba tangu Pasaka Chui anajikuna sana, na kwamba tulipewa vidonge vya prednisoloni kwa ajili ya ngozi. Mzee akaikunja karatasi na kunirudishia. "Basi hii haijasema saratani. Imesema vidonge."

Hapo ndipo nilipoanza kusoma, kuuliza na kukerwa. Mbwa ana jambo lake la pekee ambalo paka hana: dawa za jamii ya steroidi, kama ile prednisoloni, hulifanya ini lake litengeneze aina maalumu ya ALP, na namba hupanda kupita kiasi bila uvimbe wowote kuwepo. Dawa hizohizo humfanya anywe maji mengi, ale kwa pupa, atwete na kuota kitambi. Kila dalili niliyoiona kwenye ile meza ilikuwa na maelezo yake ndani ya pakiti ya vidonge iliyokuwa kabatini kwangu. Tulipunguza dozi polepole, maana dawa hiyo haikatishwi ghafla, na baada ya majuma kadhaa namba ilishuka sana. Picha ya altrasaundi tuliyompiga Kampala ilionyesha ini lililovimba kidogo kwa usawa, bila donge lolote.

Siandiki haya ili nimshitaki yule kijana. Alikuwa na mashine moja, karatasi moja, na foleni ya watu nje. Ninachopinga ni desturi ambayo naiona inakua: kuichukulia damu kama hakimu.

Tuanze na vile damu inavyoweza kusema kweli. ALT ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya seli za ini. Seli ikiumia, humwagika kwenye damu, kwa hiyo namba yake ikipanda tunajua seli zinaumizwa. Hatujui na nani. Inaweza kuwa uvimbe, sumu, kuhara damu kwa siku tatu, au kupe aliyempa mbwa homa. ALP hupanda nyongo ikizibwa njiani, hupanda kwa mtoto wa mbwa ambaye mifupa yake inakua, na hupanda kwa steroidi kama nilivyoeleza. Bilirubini ikizidi, macho na ufizi hugeuka manjano. Albumini (protini inayotengenezwa na ini) na sukari zikishuka ndipo unapohofu kwamba ini limeshindwa na kazi, lakini ini lina akiba kubwa mno. Sehemu yake kubwa inaweza kuharibika kabla namba hizi hazijatikisika. Na mbwa wazee wengi huota vinundu kwenye ini ambavyo si saratani kabisa, vinapandisha ALP kidogo, na wanaishi navyo hadi kufa kwa uzee.

Watu huniuliza: je, hakuna alama ya saratani yenyewe, kama ile wanayopimwa binadamu? Ipo inayotajwa sana, alfa-fetoprotini. Mwaka 1963 Abelev na wenzake kule Urusi waliikuta kwenye damu ya panya wenye uvimbe wa ini, na mwaka uliofuata Tatarinov akaikuta kwa binadamu mgonjwa. Kwa mbwa imejaribiwa. Baadhi ya wenye saratani ya ini inapanda, wengine wenye saratani ileile haipandi, na wapo wasio na saratani ya ini ambao nao inapanda. Halafu kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya protini ya binadamu hakina uhakika wa kuitambua ya mbwa, hivyo anayekuambia umpeleke mbwa wako kwenye maabara ya watu ukapime "kansa ya ini" anakupotezea pesa.

Kuna vipimo vipya zaidi, vinavyotafuta vipande vya DNA ya uvimbe vinavyoelea kwenye damu. Utafiti mkubwa wa kipimo cha aina hiyo, uliochapishwa mwaka 2022 kwa mbwa wapatao 1,100, ulipata hivi: kati ya mbwa wenye saratani za aina mbalimbali, kipimo kiliwakamata asilimia 54.7, kati ya wasio na saratani, kiliwaacha salama asilimia 98.5. Namba ya pili ni nzuri sana. Ya kwanza ina maana kwamba karibu nusu ya wagonjwa waliambiwa hawana kitu.

Niruhusuni nipige hesabu kidogo ya kubuni, maana bila hesabu hii jambo halieleweki. Chukua mbwa wazee 1,000. Tuseme kumi tu ndio wenye saratani ya ini. Tuseme tumepata alama nzuri ya damu inayowakamata tisa kati ya hao kumi, na inayokosea kwa mmoja tu kati ya kila mbwa kumi wazima. Inaonekana kipimo cha kutamaniwa. Lakini wazima ni 990, na mmoja katika kila kumi ni 99. Kwa hiyo mbwa 108 watapewa karatasi yenye mshale, na ni tisa tu kati yao wanaoumwa kweli. Wale 99 wengine ni akina Chui. Kama desturi ya kliniki ni sindano siku hiyohiyo, tumeua 99 wazima ili kuwapata tisa.

Na hesabu hiyo ni ya mahali ambapo mbwa wazima wana maini safi. Hapa kwetu mambo ni tofauti, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Mbwa wetu wengi wanakula posho, yaani ugali wa mahindi, na mukene, yaani dagaa. Posho ya mbwa mara nyingi ni ile ambayo watu wameikataa, unga uliovunda, pumba zilizolala unyevu, mahindi yenye kuvu. Katika sampuli 480 za vyakula vilivyohifadhiwa vilivyokusanywa sehemu mbalimbali za Uganda kati ya Septemba 1966 na Juni 1967, karibu asilimia 30 zilikutwa na sumukuvu, na hali ilikuwa mbaya zaidi katika maeneo ambayo watu waliugua sana saratani ya ini. Hicho kilikuwa chakula cha watu. Fikiria kinachobaki kwenye sufuria ya mbwa. Sisemi kwamba sumukuvu ndiyo inayowapa mbwa wetu saratani. Nasema inaliumiza ini lao, wakati mwingine hadi kufa: Marekani, mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021, zaidi ya mbwa 100 waliripotiwa kufa baada ya kula chakula kikavu cha dukani kilichohusishwa na sumukuvu. Ini likiumia, ALT inapanda, na mtu mwenye karatasi anaona saratani.

Ongeza kupe. Babesia na erlikia, vijidudu vya magonjwa vinavyoenezwa na kupe, wako kila mahali penye kupe, na kwetu kupe hawana msimu wa mapumziko. Ongeza vimelea wanaoletwa na mbung'o, wale wale wanaowapa ng'ombe nagana; mbwa nao hupatwa. Kila kimoja kati ya hivi kinaweza kuvuruga namba za damu. Kwa hiyo alama iliyopimwa kwa mbwa wa ndani huko Ulaya, anayekula chakula cha pakiti na kupakwa dawa ya kupe kila mwezi, haiwezi kuhamia Bugembe, hapa jirani na Jinja, bila kupimwa upya kwa mbwa wa Bugembe. Mstari wa "kawaida" uliochapwa kwenye karatasi ya Chui uliwekwa kwa mbwa ambao hawajawahi kuonja mukene.

Nisije nikaeleweka kwamba napuuza damu. Jirani yetu mwingine alikuwa na jike mnene mchangamfu ambaye alipimwa na kukutwa na ALT iliyopanda kidogo tu. Wakaambiwa ni mzima. Miezi minne baadaye alianguka uani, ufizi mweupe kama karatasi. Alipopasuliwa baada ya kufa, tumbo lilikuwa limejaa damu na kwenye ini kulikuwa na donge kubwa kama embe lililopasuka. Karatasi ilisema mzima, na mkono wa mtu aliyebobea ungeligusa lile donge mapema, au altrasaundi ingelionyesha kwa dakika kumi.

Na donge kama lile si lazima liwe hukumu ya kifo. Saratani inayoanzia kwenye seli za ini zenyewe ndiyo inayoongoza kati ya saratani zinazozaliwa ndani ya ini la mbwa, na mara nyingi huja kama donge moja kubwa kwenye ndewe moja (sehemu moja) ya ini, hasa upande wa kushoto. Ndewe hiyo inaweza kukatwa ikaondolewa, na ini linajiotesha tena. Katika kumbukumbu za mbwa 48 wa aina hiyo zilizochapishwa mwaka 2004, muda wa katikati wa kuishi wa wale 42 waliofanyiwa upasuaji, yaani muda ambao nusu huupita, ulikadiriwa kuzidi siku 1,460. Hiyo ni miaka minne. Wale sita ambao hawakupasuliwa, muda wao wa katikati ulikuwa siku 270. Na humohumo damu ilipata kazi yake ya haki: waliokuwa na ALT na AST (kimeng'enya kingine cha seli) za juu kabla ya upasuaji walielekea kuishi muda mfupi zaidi. Kwa hiyo damu inamsaidia daktari kupima hatari baada ya donge kuonekana. Ilivyotumika kwa Chui ni kinyume chake.

Jina la saratani linatoka kwenye nyama. Daktari anachoma sindano nyembamba akiongozwa na altrasaundi, au anachukua kipande, na mtaalamu anakitazama kwa hadubini. Kabla ya kuchoma anapima kwanza kama damu inaganda, maana ini bovu hutoa damu isiyokata. Najua gharama. Najua kwamba kutoka Jinja hadi Kampala na mbwa mgonjwa kwenye teksi ni safari ya matusi, na kwamba wengi hawana uwezo wa upasuaji hata jibu likipatikana. Lakini asiyeweza kulipia altrasaundi bado ana haki ya kuambiwa ukweli: "Namba imepanda, sijui kwa nini, tumwangalie majuma matatu kisha tupime tena." Sentensi hiyo haina gharama yoyote.

Kwa madaktari wetu nina ombi moja. Hospitali ya Mulago ilianza kuandika orodha ya wagonjwa wa saratani wa Kampala mwaka 1951, na ni kwa kuandika na kulinganisha mgonjwa mmoja mmoja ndivyo daktari wa upasuaji Denis Burkitt, hapohapo Mulago, alivyoitambua ile saratani ya taya za watoto na kuieleza mwaka 1958. Andikeni na mbwa. Anayekufa na ini bovu apasuliwe mwenye mbwa akikubali, kipande kihifadhiwe, namba zake za damu ziambatanishwe, na chakula alichokula kitajwe. Chuo Kikuu cha Makerere wana chuo cha mifugo na wanafunzi wenye njaa ya mada za utafiti. Hapo ndipo tutajua mshale wa juu una maana gani kwa mbwa wa Uganda.

Mimi nimenunua daftari la kurasa 48. Kila Januari na kila Julai Chui anatolewa damu akiwa mzima, nami naandika namba zake, uzito wake, na dawa yoyote aliyomeza. Mahindi ya posho yake tunayachambua mkekani kabla ya kuyapeleka kinuni, na yenye ukungu yanachomwa. Wiki iliyopita ALP ilikuwa juu kidogo kuliko ya Januari. Daktari ni yule yule kijana. Safari hii aliuliza kwanza kuhusu dawa, akambinya tumbo taratibu pande zote mbili, kisha akaandika tarehe ya kurudi.