Watu wa mabembea nao wana historia yao, tuiheshimu

Mi naona tukiongelea historia ya sinema tunawaruka watu walioifikisha kwa mwananchi wa kawaida, yaani wale wenye mabembea ya kuhamahama huko Uingereza, wenyewe wanajiita showmen. Mwaka 1897 majumba ya sinema hayajajengwa, hao ndo walikuwa wanabeba mashine ya picha mji kwa mji pamoja na farasi wao wa mbao wa bembea za kuzunguka, unalipa peni zako unaingia hemani unaona picha zinatembea.

Na biashara walikuwa wanaijua vizuri sana. Wanawalipa jamaa wawili watengeneza filamu wa mji wa Blackburn, Mitchell na Kenyon, kamera inasimamishwa geti la kiwanda muda wa kutoka kazini, wanawake wanatoka na shali zao kichwani, watoto wanagombania kukaa mbele ya kamera, halafu tangazo linatoka, njooni mjione wenyewe. Nani atabaki nyumbani hapo? 1994 mafundi waliokuwa wanafanya kazi kwenye duka la zamani palepale Blackburn wakakuta mapipa ya chuma chini, ndani kuna filamu zaidi ya 800 za hao jamaa. Sura za vibarua ambao hakuna mtu angewaita studio kuwapiga picha, zipo mpaka leo, kwa sababu mwenye mabembea alitaka kujaza hema lake!

Hata yale mabembea yenyewe ni ufundi wa hali ya juu. Frederick Savage wa mji wa King's Lynn, Uingereza, alikuwa anatengeneza mashine za kilimo, akahamia kwenye bembea za kuzungushwa na injini ya mvuke. Farasi wa mbao wa bembea za Uingereza wanazunguka kufuata mshale wa saa, hivyo mtoto anapandia kushoto kama farasi wa kweli, na wengi wana majina yamechorwa shingoni.

Sasa hawa watu wamesumbuliwa toka zamani. George Smith wa Coalville, mwanaharakati mmoja, alisukuma muswada bungeni wa kusajili magari wanayoishi na kuruhusu wakaguzi waingie ndani, 1889 watu wa mabembea wakaungana kuupinga, muswada ukafa, ila umoja wao ukabaki na ndo huo Showmen's Guild wa leo.

Kinachoniuma ni kwamba farasi wa mbao wanapelekwa makumbusho wanapakwa rangi upya, wenye farasi wanasahaulika. Familia nyingi sana zinaishi Glasgow, kwenye yadi, yaani viwanja wanavyoweka magari wanayoishi na mitambo yao, zilizo maeneo ya viwanda vya zamani, ambako sasa kila mtu anataka kujenga nyumba. Sensa ya Scotland ya 2022 iliwapa kisanduku chao cha kuweka tiki kwenye swali la kabila, nzuri sana hiyo, na Desemba 2024 UNESCO ikautambua utamaduni wa wenzao wa Ufaransa na Ubelgiji. Lakini bila yadi hakuna pa kutengenezea mitambo wakati wa baridi wala pa kumfundishia kijana kazi ya baba yake, kwahiyo halmashauri zianzie hapo, ziwape ardhi ya kudumu kwa maandishi.