Njoo Jumamosi

Nimelitumikia jeshi la wanamaji hapa Kigamboni kwa miaka 22, nikastaafu nikiwa sajini, na katika yote niliyofundishwa huko, lililokuja kuniharibia biashara uraiani ni moja tu: nikisema Jumamosi, huwa ni Jumamosi. Chombo kikipangiwa kung'oa nanga saa kumi na moja alfajiri, ukifika saa kumi na moja na dakika mbili unabaki gatini na begi lako, ukitafuta maneno ya kumwambia mkubwa wako. Nilipoanza useremala nilidhani tabia hiyo ingekuwa mtaji. Kumbe seremala mkweli ni kiumbe ambaye wateja hawajapata kumwona, na hata wakimwona hawamwamini.

Kila mtu ana hesabu yake ya kumsikiliza fundi. Fundi akisema Jumamosi, mteja mwenye akili timamu anajua kwamba akienda siku hiyo atakuta mbao zimeegemezwa ukutani na ataambiwa kuwa umeme ulikatika. Akirudi wiki ya pili ataambiwa kijana wa kupiga msasa amefiwa. Na ni wiki ya tatu au ya nne ndipo ataonyeshwa kitu chenye miguu. Basi mimi namaliza kazi Ijumaa jioni, nafagia banda, Jumamosi nakaa mlangoni nimevaa shati safi, na mteja hatokei. Nikimpigia simu anacheka. "Fundi, acha utani, hiyo kazi haiwezi kuwa imekwisha."

Hasara yake si ndogo. Desturi yetu mteja hutoa nusu ya fedha mwanzoni ili tununue mbao, na nusu ya pili hutolewa siku ya kuchukua mzigo, kwa hiyo kabati lisilochukuliwa ni ujira wangu uliosimama wima ukila vumbi. Zamani wa ng'ambo walisingizia foleni ya kivuko, na daraja lilipofunguliwa mwaka 2016, mita 680 za kukuvusha Kurasini hadi huku, nilimwambia mama watoto kwamba sasa visingizio vimekwisha. Siku hizi wanasema daraja lina tozo.

Banda langu ni dogo na bati lake linavuja, hivyo masika yakikaribia inanilazimu kuhamishia mizigo ya watu nyumbani kwangu. Wakati naandika haya, sebule yangu ina makabati mawili ya nguo, viti sita vya kulia chakula na kitanda cha futi tano kwa sita ambacho mwenyewe amesafiri bila kuaga. Kutoka mlangoni hadi chumbani tunapita kiubavu kama watu walio katika ujia wa meli. Mimi nimezoea, lakini mwenzangu ananikumbusha kila siku kwamba aliyekula kiapo cha kulitumikia taifa ni mimi, na kwamba yeye alifunga ndoa tu.

Nakiri kwamba nami nina kasoro zangu. Melini kila kitu hukazwa kwenye sakafu, na meza huwekewa ukingo mdogo pembeni ili bahari ikichafuka sahani zisimwangukie mtu mapajani. Mkono ukishazoea hauachi. Meza zangu tatu za kwanza zilitoka na ukingo, na mteja mmoja akaniuliza kama ninatarajia nyumba yake iyumbe. Kitanda chetu wenyewe nilikifunga sakafuni kwa bolti nne, nikijisifu kwamba hakitalia kamwe. Hakilii kweli, lakini tangu siku hiyo mama watoto hufagia uvunguni akiwa amelala kifudifudi, na anachokisema akiwa huko chini huwa sikisikii vizuri, wala siombi arudie.

Mizigo inayosubiri nayo haitulii. Mninga ni mti muungwana: ukikauka vizuri hauchezi sana, ndiyo maana watu wanaulipia. Lakini wengi wanataka paini kwa sababu ya bei, na paini ikikaa sebuleni kwangu Machi yote na Aprili yote, hewa ya pwani inaingia ndani ya mbao, zinavimba, na mlango wa kabati unagoma kufunga. Hapo ndipo mteja hutokea, baada ya miezi miwili, anauvuta mlango mara moja na kutikisa kichwa. "Fundi, ulikuwa na haraka gani?" Nikichukua randa nikaupunguza, ufikapo msimu wa kiangazi ubao unasinyaa, panabaki upenyo wa kupitisha mende wawili wakiwa wameshikana mikono, na lawama inakuwa yangu tena.

Mmoja aliagiza kitanda cha mtoto mkewe akiwa na ujauzito wa miezi saba. Nilikimaliza kwa siku kumi, nikazungusha pembe zote kwa msasa laini kana kwamba kinakwenda kwa mjukuu wangu mwenyewe, na kweli mjukuu wangu akakilalia mwaka mzima, maana baba alikuwa bado anangoja Jumamosi ya kweli. Alipokuja kukichukua alikuja na mwanawe. Mtoto alikuwa anatembea. Alikizunguka kitanda mara moja, akazishika nguzo zake kama mtu anayekagua mahabusu, kisha akamwangalia baba yake na kukataa kuingia.

Usiku huo mama watoto alinikalisha kwenye kiti cha mteja, tukala kwenye meza ya mteja, akanipa ushauri.

"Mzee wangu, wewe unawatisha. Danganya kidogo kama mafundi wenzako. Waambie Jumamosi hii, wewe fanya kazi yako taratibu hadi Jumamosi ya tatu. Mtakutana."

Sikulala vizuri. Lakini wiki iliyofuata alikuja kijana kuagiza meza ya mninga ya watu sita, nami nikameza mate na kumwambia aje Jumamosi, hali nikijua kwamba siku hiyo nitakuwa bado nachonga miguu.

Jumamosi, saa moja kamili asubuhi, guta lilisimama mbele ya banda. Kijana alishuka na wabebaji wawili na kamba, akiwa ameishika nusu ya pili ya fedha mkononi.

"Shikamoo, afande. Niliuliza mtaani kabla ya kuja, wakaniambia wewe ukisema Jumamosi ni Jumamosi."

Meza ilikuwa imelala chali, ina miguu miwili, haijaonja vanishi. Nilifungua kinywa, na baada ya miaka 22 ya utumishi uliotukuka nikasikia sauti yangu ikisema kwamba umeme ulikatika. Kijana aliitazama randa ya mkono niliyoishika. Kisha akaitazama taa ya banda, iliyokuwa ikiwaka.

"Kwa hiyo nije lini, fundi?"

Kabla sijajibu, mama watoto alitoa kichwa dirishani, katikati ya makabati mawili.

"Jumamosi!"