Timu ya dharura wodini: nani aruhusiwe kuiita?

Saa nane usiku, wodi ya wanawake, hapa Tanga. Bibi mmoja wa Pongwe akaniambia, "Mwanangu, pumzi hainitoshi." Presha ilikuwa nzuri. Nikashika saa, nikahesabu pumzi dakika nzima: 32, wakati kawaida ya mtu mzima ni 12 hadi 20. Nikampigia daktari wa zamu. Yuko tiyeta, anazalisha kwa upasuaji. Nikamkalisha bibi, nikamwekea oksijeni, nikasubiri dakika 40. Bibi hakufika asubuhi.

Kwa wagonjwa wa namna hiyo, hospitali ya Liverpool jijini Sydney, Australia, ilianzisha timu ya dharura mwaka 1990. Muuguzi akiona dalili zilizokubaliwa anawaita moja kwa moja wataalamu wa wagonjwa mahututi. Hata wasiwasi wake mwenyewe unatosha kuwa sababu ya kuita.

Wanaopinga wana hoja, tena nzito. Utafiti wa MERIT, uliochapishwa mwaka 2005, ulifuatilia hospitali 23 za Australia na haukuona tofauti ya maana, kama vile kwa vifo visivyotarajiwa, kati ya zenye timu na zisizo nayo. Na kwetu timu ingetoka wapi? Zamu yangu ya usiku tulikuwa wauguzi wawili kwa vitanda 40. Ukimchukua mmoja aliye hodari ukamweka kwenye timu, waliobaki wodini atawaangalia nani? Hoja hii siwezi kuipuuza. Ile ya kwamba timu itawadumaza wauguzi vijana hainishiki sana. Mimi nilijifunza mengi kwa kusimama kando ya mjuzi akihudumia mgonjwa wangu.

Lakini utafiti ule ule ulionyesha jambo jingine: kwa wagonjwa wengi waliofikia vigezo vya kuita timu, timu haikuitwa. Simu ilikuwepo. Wauguzi wa nchi mbalimbali wametaja sababu: kuogopa kukaripiwa, kuogopa kuonekana wamemruka daktari. Hofu hiyo naijua. Usiku ule nilikuwa na namba ya daktari bingwa, sikuipiga.

Kwa hiyo mimi ningeanza na ruhusa kabla ya timu. Namba moja, mtu mmoja wa dawa za usingizi au wa chumba cha wagonjwa mahututi aliye zamu, na agizo la maandishi kwamba muuguzi yeyote anaweza kumwita bila kuulizwa "nani kakutuma?" Na sisi wauguzi tuzihesabu pumzi kweli. Chati nyingi ninazopokea zimeandikwa 20, kwa kila mgonjwa, kila zamu, na mgonjwa mwenye 32 amelala humo humo.