Kukisia si kubahatisha

Mjomba wangu alinunua mbuzi mnadani kwa miaka mingi, na sikumbuki kumwona na mizani. Alimshika mbuzi juu ya kiuno, akabonyeza uti wa mgongo kwa kidole gumba asikie kama mfupa uko karibu au umefunikwa na nyama, kisha akamnyanyua kidogo mpaka miguu ya mbele ikaacha ardhi. "Huyu kilo kumi na nne, akishachunwa." Siku moja, nikiwa darasa la sita, nikamuuliza, "Mjomba, kwani unabahatisha?" Akanikata jicho. "Nabahatishaje wakati nimemshika?"

Nimemkumbuka wiki hii nikitafsiri maelezo ya mchezo wa watoto kutoka Kiingereza. Neno lililonikwamisha ni dogo tu: guess. Mkono ulishaanza kuandika "bahatisha", kwa kuwa ndivyo wengi wetu tulivyokaririshwa shuleni. Nikaacha, nikaenda kuchimba asili yake.

Neno hili linaonekana katika maandishi ya Kiingereza mnamo mwaka 1300, likiandikwa gessen, bila ile u ya leo. Yaelekea liliingia kutoka kwa Waskandinavia au Waholanzi. Waholanzi mpaka sasa wanasema gissen, na Waswidi gissa. Wanaisimu wanaliweka katika ukoo wa get, yaani kupata. Kutoka kujaribu kupata kitu, maana ikasogea hadi kukilenga, na kutoka kulenga ikafika kwenye kukadiria. Mshairi Mwingereza Geoffrey Chaucer alilitumia katika karne ya 14 alipokuwa akimweleza kijana mmoja ambaye, kwa kumtazama, alimpa miaka kama 20. Alimtazama kwanza, ndipo akataja umri.

Sasa rudi kwetu. Kubahatisha kumejengwa juu ya bahati, neno lenye asili ya Kiajemi. Anayebahatisha anaiachia bahati kazi yote, kama mtu anayechagua namba ya bahati nasibu. Kukisia ni jambo jingine kabisa: lina undugu na kiasi, na shina lake la Kiarabu ni la kupima. Anayekisia ana kipimo, hata kama kipimo chenyewe ni jicho au kidole gumba. Mjomba alikuwa na haki ya kukasirika.

Wagiriki wa kale nao walikuwa na neno stokhos, shabaha ya kulengwa, na mtu hodari wa kukisia walimwita kwa neno lililotokana na hilo, kama vile mpiga mishale. Humo ndimo hisabati ilimopata stokastiki, ambayo leo inahusu mambo yanayokwenda kwa nasibu. Hata huko mlengaji akasahaulika, ikabaki nasibu.

Jambo hili linaniuma kwa sababu ya darasani. Mwalimu mmoja alituuliza mwembe wa uwanjani una urefu gani. Nilikuwa nimeulinganisha na ukuta wa darasa, nikaona kuta tatu zingepandana mpaka kileleni, nikasema mita tisa. "Unabahatisha! Kaa chini." Hakuniuliza nimeipataje tisa. Tangu siku hiyo nilikuwa nanyoosha mkono pale tu jibu lilipokuwa limeandikwa daftarini, na najua sikuwa peke yangu. Mtoto anayeambiwa kila kisio ni bahati ataacha kutazama ukuta na mwembe, atasubiri kuambiwa. Naamini kabisa kwamba tumewanyamazisha watoto wengi hodari kwa neno hili moja lililowekwa mahali pasipo pake. Mwalimu angeuliza tu, "Umekisiaje?", darasa zima lingetoka nje kuupima mwembe.

Ule mchezo nimeukabidhi jana. Kila kadi ina picha iliyofunikwa nusu, mtoto anaona mkia au ukwato, anatakiwa amtaje mnyama. Juu ya kila kadi nimeandika: "Kisia ni nani."