Kongwa bado haina filamu yake

Huku Ujerumani watu wanalipa kiingilio kwenda kutazama aibu za babu zao. Wanazi, mashushushu wa Ujerumani Mashariki, na mwaka 2023 ikaja filamu ya Der vermessene Mensch, kuhusu mauaji ya Waherero na Wanama kule Namibia. Ukumbi mzima kimya. (Ukimya huo, kusema kweli, unanichosha. Kwetu Dodoma, banda umiza ambalo hakuna anayempigia steringi kelele ageuke nyuma, watu wangedai hela zao.)

Bongo Movie nazipenda na nitazitetea popote. Ila ukizitazama mfululizo utadhani Tanzania nzima ni sebule moja ya Dar es Salaam, yenye masofa makubwa na mama mkwe mkorofi. Ugogo, nchi ya Wagogo kule Dodoma, haumo.

Chukua Kongwa tu, hukohuko Dodoma. Mwaka 1947 Waingereza walishusha matrekta pale walime karanga. Udongo ukawa mgumu, mvua ikagoma, na 1951 mradi ukafutwa. Kuanzia 1964 Kongwa hiyohiyo ikawa kambi ya wapigania uhuru: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wenzao. Samora Machel alifundisha wapiganaji pale. Vijana wa kutoka kusini waliishi jirani na Wagogo, wengine wakapata wapenzi na watoto hapohapo. Leo muulize kijana wa mjini Kongwa kuna nini, atakutajia ng'ombe wa ranchi na mahindi ya Kibaigwa.

Mtaniambia hela. Sawa, lakini mfuko wa filamu wa Wajerumani, FFA, ulianza 1968, na kumbi za sinema hukatwa sehemu ya mauzo ya tiketi ili filamu nyingine zitengenezwe. Mwaka huohuo sisi tulianzisha Tanzania Film Company. Wa kwao upo mpaka leo. Yetu tuliiacha ikafa, na sidhani kama kuna aliyeililia.

Mwandishi wa miswada akitaka pa kuanzia, nampa bure: binti wa Kigogo kazaa na mpiganaji wa ANC. Mwaka 1969 wapiganaji wa ANC wanahamishiwa Umoja wa Kisovieti, na baba wa mtoto yumo. Mama mkwe mkorofi anaweza kuwepo pia, sikatai, ila awe Mgogo wa kweli, mwenye mbuzi na msimamo. Na muziki tusiazime Nigeria. Ngoma ya muheme na zeze la Wagogo vipo.