Glavu za Baridi Kibandani Malindi

Haya, mwezi wa saba umeingia, na jamaa wa Limuru washaanza kupiga simu: mara harusi, mara posa, mradi mtu atoke Malindi apande huko na pikipiki, maana nauli ya basi mnaijua. Sawa, mtu ana heshima zake, ataitikia. Ila ni lazima kwanza atafute glavu za baridi, na hapo ndipo heshima inapoanza kuchuruzika jasho.

Kwani glavu nzito Malindi utazijaribia wapi? Saa saba ya mchana, bati juu ya kichwa, kibanda cha mtumba hakipati hata pumzi moja ya kusi. Humo kila unachovaa kina joto. Soksi ya mtoto ukiichomeka mkononi ina joto. Muuzaji hana haja ya kusema uongo, hali ya hewa inamsemea.

"Ami, hii hapa. Ya barafu hii!"

Ukiitazama, ni ya watu wanaoteleza kwenye theluji. Imejaa kama mto wa kitanda, kiganja cha nailoni. Unamweleza kwa adabu kuwa hiyo ikikutana na lami haidumu, inateleza kwenye ekseleta, na pamba ya kiganjani ni nene mno hata huisikii breki. Ya pikipiki hujazwa zaidi mgongoni mwa mkono, ndiko upepo unakopiga. Kwenye lebo utaona gramu za pamba kwa mita ya mraba: 150 au 200 upande huo, kiganjani 40 hadi 100.

"Theluji si ndiyo baridi, ami? Au Limuru kuna baridi kupita theluji?"

Hapo kakubana. Lakini anayeteleza hakai saa nane mfululizo ameshika chuma. Hewa ya nyuzi 10, pikipiki ikienda kilomita 80 kwa saa, ngozi inaisikia kama nyuzi 4. Na Limuru iko juu ya mita 2,000, wewe umetoka usawa wa bahari, umepita Kaloleni na Mariakani ukiungua, Voi ukiungua, Mtito Andei ukiungua, halafu jioni Emali vidole vinakuaga kimoja kimoja.

"Basi chukua hii." Ya golikipa.

"Bwana, hii ni ya mpira."

"Si shida yako ni kushika?"

Inarudishwa. Inatoka ya fundi wa kuchomelea, ngozi ngumu hadi kwenye kiwiko. "Ami, fikiri mwenyewe. Kama moto hauingii humu, baridi itaingilia wapi?" Anasema hivyo na kibanda kizima kinatikisa kichwa, hata mama aliyekuja kununua shimizi. Sasa eleza wewe, huku jasho linakuingia machoni, kwamba vidole vyake vimeshonwa vimenyooka, ilhali glavu ya pikipiki hukatwa ikiwa imejikunja tayari, usije ukashindana nayo kila unapobana klachi. Kwamba mdomo wake uko wazi kama ndoo, hauna mkanda wa kifundoni. Kwamba ikinyeshewa inakunywa maji. Mama wa shimizi anakutazama kwa huruma ile wanayotazamwa wagonjwa.

Ndipo inapotoka yenyewe. Lo! Ngozi ya mbuzi, mkanda kifundoni, mkanda mwingine mdomoni, ndani ina lebo yenye kijipicha cha mwendesha pikipiki, EN 13594, namba ya kipimo cha Ulaya cha glavu za pikipiki, chini yake 1 KP. Hiyo 1 ni kiwango cha kinga, 2 ni cha juu zaidi, na KP ni kwamba vifundo vya vidole vina ngao iliyopimwa. Kwenye kidole gumba kuna kipande cha mpira cha kufutia kioo cha helmeti. Unasahau hata kuficha furaha, bei inapanda hapo hapo.

"Na mwenzake?"

"Mwenzake anakuja na robota lijalo."

Ni wa kushoto peke yake.

"Wa kushoto ndio wa maana, ami, una hata waipa. Wa kulia utautia mfukoni."

Wa kulia! Mkono wa ekseleta! Mkono wa breki ya mbele! Utautia mfukoni kutoka Emali hadi Limuru! Astaghfirullah.

Tuseme jozi imepatikana kwingine. Pima kwa futi ya fundi cherehani, kuzunguka kiganja juu ya vifundo, gumba likae nje: sentimita 22 ni kama namba 9. Usichukue inayobana eti itaachia. Joto liko kwenye hewa iliyotulia ndani ya pamba. Ukiibana pamba umeitoa hewa, na damu ya vidole umeinyima njia. Shika mpini wa pikipiki iliyoegeshwa, bonyeza honi, washa indiketa, ndipo ulipe.

Jasho la Malindi lina faida moja tu: mkono ukilowa, uchomoe. Bitana ikitoka nayo, vidole nje-ndani, hiyo ukinyeshewa pale mjini Salama, mbele ya Emali, hutaivaa tena. Kama inadai kuzuia maji, ipulize, ubane mdomo wake, uikamue. Upepo ukikimbia haraka, utando wa ndani ushatoboka. Muuzaji atakwambia usimpulizie mali yake. Mpulizie.

Wenye mfuko mwepesi huvaa glavu kubwa za mpira za kuoshea vyombo juu ya zile za ngozi, mvua haiingii, aibu inaingia. Bodaboda wa bara wanafunika mipini yote kwa mifuko minene, nayo inafaa kweli, ila ifungwe imara, isije upepo ukaisukuma ikalalia breki. Mipini ya umeme ya kupasha moto, kwa vipikipiki vyetu, muulize betri kwanza. Na kifua kivikwe sweta na jaketi lisilopitisha upepo, maana mwili ukipoa unavuta damu ndani, vidole ndivyo vya kwanza kusahauliwa.

Zikilowa zianikwe kivulini. Watu wanazibandika kwenye ekzosi, ngozi inakauka inakuwa ukuni, gundi inaachia, kisha lawama kwa Mzungu aliyezishona.

Halafu urudi nazo Malindi uziweke wapi? Ndani ya mfuko wa plastiki zinaoza, nje ya mfuko chumvi inakula zipu. Zijaze gazeti, zitundike penye hewa, na bado ukungu utazifikia. Ukungu wa mji huu hauna adabu: mkanda, viatu vya Idi, msahafu wa marehemu babu, hata hati ya shamba, kwa yule mwenye bahati ya kuwa nayo. Wengine tumepewa namba ya faili, nayo iko kwenye kabati la ofisi, na kabati hilo, wanasema, lina ukungu.