Kilichowaponyoka mashabiki wa futiboli ya vyuo Marekani

Novemba 4, 2023, katika mji mdogo wa Stillwater, timu ya Oklahoma State iliwafunga jirani zao wa Chuo Kikuu cha Oklahoma 27-24, na mashabiki wakamiminika uwanjani. Shangwe ile ilikuwa na msiba ndani yake. Watani hawa wa jadi walikutana kwa mara ya kwanza mwaka 1904, na siku hiyo kila aliyekuwa jukwaani alijua kwamba huenda miaka mingi itapita kabla hawajakutana tena. Oklahoma walikuwa wanahama ligi. Katika ligi mpya, iitwayo SEC, ya vyuo vya kusini-mashariki, jirani hakuwa na nafasi.

Futiboli ninayoizungumzia ni ile ya Kimarekani, ya mpira wenye umbo la yai na kofia ngumu, na hasa ile ya vyuo vikuu. Asiyeijua hudhani ni michezo ya wanafunzi. Lakini uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unachukua watu 107,601, kuliko uwanja wowote wa ligi ya kulipwa nchini humo, na hujaa. Mtu huzaliwa shabiki wa chuo ambacho hata hakusoma, kwa kuwa babu yake alikuwa shabiki. Na kwa miongo mingi waliokuwa wakivunjika mifupa mbele ya umati huo walihesabiwa kuwa wachezaji wa ridhaa. Malipo yao yalikuwa ada, chakula na bweni.

Hali hiyo imekwisha, na imekwisha kwa kasi. Juni 2021 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliamua dhidi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, katika kesi ya mipaka ya malipo ya wachezaji. Jaji Brett Kavanaugh aliongeza maoni yake kwamba biashara ya namna ile, ya waajiri kukubaliana kutowalipa watu kwa haki, ingekuwa haramu karibu katika sekta nyingine yoyote. Siku chache baadaye, Julai 1, wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Mwaka huohuo sharti la kukaa benchi msimu mzima kwa anayehama chuo likalegezwa, na mwaka 2024 wenye maendeleo mazuri darasani wakaruhusiwa kuhama mara nyingi watakavyo. Kisha Juni 2025 Jaji Claudia Wilken akaidhinisha makubaliano mazito: dola bilioni 2.8 kwa waliocheza miaka ya nyuma, zitakazolipwa kwa miaka kumi, na ruhusa kwa kila chuo kuwagawia wachezaji wake hadi dola milioni 20.5 hivi katika msimu wa kwanza.

Hapo ndipo mashabiki walipogawanyika, na ugomvi wao haujapoa.

Wapo wanaosema mchezo umeuzwa. Zamani ulimwona kijana akiingia akiwa na miaka kumi na minane, amekonda, anaogopa; ukamfuata miaka minne hadi siku ya mahafali. Leo msimu ukiisha nusu ya kikosi kinaweza kuwa kimetawanyika. Mfano wanaoupenda ni wa Nico Iamaleava, kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, aliyeifikisha timu ya chuo cha Tennessee kwenye hatua ya mtoano mwishoni mwa 2024. Aprili 2025 hakutokea mazoezini huku habari zikisambaa kuwa anadai nyongeza. Chuo kikaachana naye, akaenda UCLA, chuo cha Los Angeles. Shabiki aliyenunua jezi yake afanye nini nayo?

Sidharau malalamiko hayo. Yana hoja moja nzito ambayo wenyewe huitaja kwa haraka mno: masomo. Anayepita vyuo vitatu au vinne hupoteza kozi njiani, kwa sababu kila chuo kina utaratibu wake wa kukubali ulichosoma kwingine. Wengi wa vijana hawa hawatafika ligi ya kulipwa kamwe. Shahada ndiyo akiba pekee waliyoahidiwa kwa hakika, nayo inawekwa rehani na watu wazima wanaowatafutia timu.

Upande wa pili unajibu kwa hasira ya miaka mingi, na hasira hiyo ina sababu. Mwaka 2010 Reggie Bush alirudisha tuzo ya Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, kwa kuwa familia yake ilipokea fedha na manufaa alipokuwa USC, chuo kingine cha Los Angeles. Alirudishiwa Aprili 2024, wakati wanafunzi wa umri aliokuwa nao walikuwa wakilipwa mchana kweupe. Miaka yote hiyo makocha walihama walivyotaka bila kuitwa wasaliti. Novemba 2023 Texas A&M ilimfukuza kocha Jimbo Fisher, na mkataba ukakidai chuo zaidi ya dola milioni 75 ili aondoke tu. Chuo chenye uwezo wa kumlipa mtu kiasi hicho kwa kutofanya kazi hakiwezi kusema hakina fedha za kumlipa anayeifanya.

Tena uhuru huo umefanya jambo ambalo mapenzi ya babu na babu hayakuweza. Indiana ilikuwa timu ya kuhurumiwa, miongoni mwa zilizofungwa mara nyingi zaidi katika historia ya mchezo huu. Mwaka 2023 ilishinda mechi tatu tu. Akaja kocha Curt Cignetti, akasajili waliokuwa tayari kuhama, wakiwemo vijana wake wa James Madison, chuo alikotoka, na baadaye kwotabeki Fernando Mendoza kutoka Chuo Kikuu cha California. Januari 2026 Indiana ilitwaa ubingwa wa taifa kwa kuifunga Miami 27-21, bila kupoteza mechi hata moja msimu mzima. Chini ya kanuni za zamani vigogo wangeendelea kuwaficha wachezaji wazuri kwenye benchi zao.

Ninapopima pande hizi naona mambo mawili yamepikwa chungu kimoja. Kijana kulipwa ni jambo moja. Ligi kuvunjwa na watani kutenganishwa ni jambo lingine, na hili la pili halikufanywa na mchezaji yeyote. Lilifanywa na marais wa vyuo na makamishna wa ligi, wakifuata televisheni. Mzizi wake uko mwaka 1984, Mahakama ya Juu ilipoivua NCAA mamlaka ya kudhibiti matangazo ya mechi. Walioshtaki walikuwa Georgia na Oklahoma. Ndiyo, Oklahoma hiyohiyo. Tangu hapo ligi zikauza haki zao zenyewe, na yenye vyuo vyenye majina makubwa ikauza ghali. Mkataba wa ligi ya Big Ten na vituo vya televisheni vya Fox, CBS na NBC, ulioanza 2023, unakadiriwa kuwa wa dola bilioni 7 kwa miaka saba. Mbele ya fedha hizo Pac-12, ligi ya pwani ya magharibi yenye mizizi tangu 1915, ilisambaratika. USC na UCLA walitangulia kutangaza kuondoka kwenda Big Ten, Oregon na Washington wakafuata Agosti 2023. Sasa wanafunzi wa Los Angeles hukatiza bara zima kwenda kucheza New Jersey. Stanford, chuo kilicho karibu na Bahari ya Pasifiki, kiko kwenye ligi yenye jina la pwani ya Atlantiki.

Haki inanidai niseme pia kwamba uhamaji huohuo umerudisha kitu. Texas na Texas A&M, waliokuwa hawajakutana tangu 2011, walicheza tena Novemba 2024 kwa sababu Texas ilihamia SEC. Kwa shabiki wa Texas zama hizi zimekuwa na baraka, na hakosei. Lakini baraka hiyo imeangukia wenye nacho.

Walioachwa nyuma katika Pac-12 walikuwa wawili, Oregon State na Washington State, na hilo la pili halipaswi kuwa jina geni kwetu. Henry Rono, Mnandi kutoka Kenya, alikuwa mwanafunzi wa Washington State mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Milango ya namna hiyo bado iko wazi: Doris Lemngole, Mkenya pia, amekuwa bingwa wa vyuo wa mbio za kuruka viunzi na maji akiwa Alabama. Katika vyuo vingi vikubwa fedha za futiboli ndizo zinazobeba riadha, kuogelea na mieleka. Sehemu kubwa ya mgao mpya ikiishia kwa futiboli, kama inavyotarajiwa, mkurugenzi wa michezo atapunguza wapi? Na mwanariadha wa kigeni mwenye viza ya mwanafunzi amebanwa na masharti ya kufanya kazi, hivyo hata soko la majina na sura halimfikii kwa urahisi. Nafasi yake ya ufadhili ikifutwa, hana pa kufidia. Mashabiki wa pande zote mbili hawalitaji sana jambo hili, na mimi naona ndilo linalostahili kelele kubwa kuliko zote.

Kuhusu kesho, viongozi wa vyuo wanaliomba Bunge la Marekani liwape kinga dhidi ya kesi, ili wadhibiti tena mishahara na uhamaji. Mashabiki waliochoka wanaunga mkono. Mimi siungi, kwa sababu kinga hiyo ingemfunga upya kijana huku ikimwacha kamishna huru kuvunja ligi nyingine kesho kutwa. Njia ya ligi ya kulipwa inaeleweka zaidi: wachezaji wawe na chama, wakae mezani, wakubaliane mikataba ya miaka miwili au mitatu. Kijana atapata usalama, shabiki atapata sura anayoifahamu. Ina gharama, maana mwajiriwa anaweza kufukuzwa kazi, na vyuo vidogo huenda vikashindwa kabisa. Lakini angalau aliyefungwa na mkataba atakuwa ameutia saini kwa hiari.

Mechi za watani hazitarudishwa na chama cha wachezaji. Washington na Washington State, waliokutana kwa mara ya kwanza mwaka 1900, walizoea kufunga msimu pamoja mwishoni mwa Novemba, kwenye baridi, kila kitu kikiwa kimebaki siku hiyo moja. Baada ya ligi kuvunjika walikubaliana kuendelea kukutana hadi 2028. Mechi ya 2024 ilipigwa Seattle, Septemba 14. Washington State, timu iliyoachwa, ilishinda 24-19, baada ya kuwazuia wenzao walipokuwa yadi moja tu kabla ya mstari wa goli. Baridi ya Novemba ilikuwa bado mbali, na msimu ndiyo kwanza ulikuwa na wiki tatu.